Shajara ya mradi: maji ya chumvi kidogo na mafuta yanayobaki mwambani

Februari, mwanzoni

Nimeanza kuandika programu ndogo ya kukokotoa jambo moja: ukidunga maji yenye chumvi kidogo kwenye mwamba wenye mafuta, badala ya maji ya bahari au maji ya chumvi kali yanayotoka kwenye mwamba wenyewe, utapata mafuta kiasi gani zaidi, na utayapata lini. Hilo la pili, "lini", ndilo lililonisukuma kuanza. Makala nyingi nilizosoma hutaja asilimia za ziada na kuishia hapo. Anayelipia mitambo ya kuondoa chumvi anahitaji kujua mafuta hayo yatafika kisimani yakiwa katika hali gani, na yatatanguliwa na nini.

Kwa anayeingia hapa bila kuifahamu kazi hii: mafuta hayakai chini ya ardhi kama ziwa. Yamo ndani ya vinyweleo, yaani vitundu vidogo, vya mwamba, pamoja na maji ya kale ambayo mara nyingi ni ya chumvi kuliko bahari. Visima vikichimbwa, shinikizo la asili husukuma mafuta kwa muda, kisha hupungua. Hapo hudungwa maji kupitia visima vya kudungia ili yasukume mafuta kuelekea visima vya uzalishaji. Njia hii imetumika kwa miongo mingi, lakini hata maji yakishapita, mafuta mengi hubaki yameng'ang'ania kuta za vinyweleo au yamenaswa katikati kama matone.

Zamani watu waliyachukulia maji ya kudunga kuwa kitu cha kusukuma tu. Swali lilikuwa yapo ya kutosha au hayapo, na kama hayatazibisha mwamba. Kemia yake haikuhesabiwa kuwa sehemu ya uzalishaji.

Februari, baadaye

Nimetumia siku nyingi kupitia historia, kwa sababu sitaki kuandika milinganyo kabla sijajua inawakilisha nini.

Mwaka 1967 Bernard alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba vipande vya mwamba vyenye udongo wa mfinyanzi vilitoa mafuta zaidi vikipitishiwa maji baridi (yasiyo na chumvi) kuliko maji ya chumvi, na shinikizo la kusukumia lilipanda. Jambo hilo halikuvuta watu wengi wakati huo. Katika miaka ya 1990, Norman Morrow na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, walilirudia kwa utaratibu mpana zaidi. Mwaka 1999 Tang na Morrow walieleza masharti ambayo mpaka leo ndiyo ninayoyaangalia kwanza: mwamba uwe na mfinyanzi, uwe na maji ya kale ndani yake tangu mwanzo, na mafuta yawe ghafi, yenye vijenzi vya polari (vyenye ncha za chaji) vinavyoweza kushikamana na mwamba. Walipotumia mafuta yaliyosafishwa, athari ilitoweka. Walipovichoma vipande vya mwamba kwa joto kali hadi mfinyanzi ukatulia, ilitoweka pia.

Haya masharti matatu ni muhimu kuliko takwimu yoyote ya ziada ya mafuta. Yanasema kwamba chumvi peke yake si dawa. Mwamba, mafuta na maji ya kale huingia katika mapatano fulani kwa mamilioni ya miaka, na maji mapya huja kuyavuruga. Pasipokuwa na mapatano hayo hakuna cha kuvurugwa.

Machi: kinachotokea kwenye ukuta wa kinyweleo

Hapa nitakaa, kwa sababu programu yoyote isiyoeleza jambo hili itakuwa mashine ya kuchora mistari tu.

Uso wa mfinyanzi una chaji hasi. Vijenzi vya polari vya mafuta, hasa asidi, navyo huwa na chaji hasi vikiwa ndani ya maji. Viwili hivi vingepaswa kusukumana. Lakini maji ya kale yana kalsiamu na magnesiamu, na ioni hizi (atomi zenye chaji) zina chaji chanya mbili mbili, hivyo huweza kushika mfinyanzi kwa upande mmoja na mafuta kwa upande mwingine. Mafuta hubaki yamefungwa ukutani. Mwaka 2006 Lager na wenzake wa kampuni ya mafuta ya BP walipendekeza kwamba maji ya chumvi kidogo huvunja vifungo hivyo kwa kubadilishana ioni: kalsiamu na magnesiamu huhamia sehemu nyingine, vijenzi vya mafuta vilivyokuwa vimeshikwa hukosa kishikio, na mwamba hurudi kupenda maji zaidi kuliko mafuta.

Maelezo ya pili yanahusu tabaka la ioni linalouzunguka uso wenye chaji. Chumvi ikiwa nyingi, tabaka hilo hubanwa na nyuso mbili hasi hukaribiana. Chumvi ikipungua, tabaka hupanuka na nyuso husukumana. Hili linaweza kuhesabiwa, na nimelihesabu. Kwa maji yenye chumvi ya kawaida pekee katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, unene wa kipimo hiki ni nanomita 0.304 ukigawanya kwa kipeuo cha pili cha ukolezi wa chumvi kwa moli katika lita. Maji yenye gramu 35 kwa lita, karibu sawa na bahari, hutoa nanomita 0.39. Maji yenye gramu 2 kwa lita hutoa nanomita 1.64. Utando mwembamba wa maji kati ya mafuta na mwamba unapata nafasi mara nne zaidi. Nimeiweka hesabu hii kwenye programu kama dirisha la kwanza, kwa sababu mtu anaweza kubadili chumvi na kuona tabaka likipanuka papo hapo. Maji halisi yana kalsiamu na magnesiamu, ambazo hulibana zaidi, kwa hiyo dirisha hilo linaonyesha mwelekeo wala si kipimo cha kisima fulani.

Yapo maelezo mengine: kupanda kwa pH (yaani asidi kupungua) karibu na uso wa mfinyanzi, alilolitetea Tad Austad wa Stavanger, Norwe, na kubanduka kwa chembe ndogo za mfinyanzi pamoja na mafuta zilizoyabeba, alilolipendekeza Morrow mwenyewe. Watafiti hawajakubaliana lipi ndilo kuu. Mimi naona mabishano haya yanaeleweka ukikumbuka kwamba kila mmoja alitumia mwamba tofauti. Yote yanakutana mahali pamoja: mwamba uliopenda mafuta huanza kupenda maji. Programu yangu itaanzia kwenye matokeo hayo na kuacha mlango wazi kwa sababu.

Machi, mwishoni: mawe ya chokaa

Kwa ufupi, maana toleo hili halitayashughulikia. Kwenye chokaa uso wa mwamba kwa kawaida una chaji chanya, na mchezo mzima hubadilika. Huko salfeti, kalsiamu na magnesiamu huwa washirika wa mafuta kuachia, si adui, hasa joto likiwa kubwa. Uwanja wa mafuta wa Ekofisk katika Bahari ya Kaskazini, ambao ni chaki, aina ya mawe ya chokaa, ulianza kudungwa maji ya bahari mwaka 1987 na ukawa funzo kubwa la namna maji ya bahari yenyewe yanavyobadili mwamba. Saudi Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudi Arabia, nao wamechapisha majaribio ya vipande vya mwamba wa chokaa ambapo maji ya bahari yaliyopunguzwa chumvi kwa kuzimuliwa mara mbili na mara kumi yalitoa mafuta ya ziada, lakini kuzimua mara 20 kuliongeza kidogo sana. Kwa hiyo "chumvi kidogo" si maneno ya kubebwa kutoka mwamba mmoja hadi mwingine bila kupima.

Aprili: toleo la kwanza linafanya kazi

Nimetumia mlinganyo wa Buckley na Leverett, wa mwaka 1942, unaofuata jinsi maji yanavyosonga ndani ya mwamba ulio sawa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ni rahisi kuliko hali halisi, na hiyo ndiyo faida yake: kila namba inaweza kukaguliwa kwa kalamu.

Vigezo nilivyochagua ni vya mfano. Maji ya kale yanajaza asilimia 20 ya vinyweleo, mafuta asilimia 80. Mnato wa mafuta ni mara nne ya wa maji. Kwa maji ya chumvi, mafuta yanayobaki bila kusogea ni asilimia 30 ya vinyweleo, na upenyezaji (urahisi wa kimiminika kupita mwambani) wa juu kabisa wa maji ni 0.4 ukilinganisha na 0.8 wa mafuta. Kwa maji ya chumvi kidogo nimepunguza mafuta yanayobaki hadi asilimia 24 na upenyezaji wa maji hadi 0.3. Vipeo vya mikondo ya upenyezaji, vinavyoamua jinsi inavyopinda, ni 2 kwa maji na 3 kwa mafuta katika hali zote mbili. Upenyezaji wa maji unapungua kwa sababu mwamba unaopenda maji huyashika ukutani, nayo hupita polepole zaidi.

Kwa maji ya chumvi, maji hufika kisima cha uzalishaji pale asilimia 39 ya mafuta yaliyokuwemo yameshatoka. Baada ya kudunga maji sawa na ujazo mmoja wa vinyweleo, yametoka asilimia 46.7, na kati ya kila lita 100 zinazotoka, karibu 96 ni maji.

Kwa chumvi kidogo, tukichukulia kwamba mwamba mzima umeshabadilika tangu mwanzo, maji hufika baada ya asilimia 46 ya mafuta kutoka, na kwenye ujazo mmoja yametoka asilimia 53.2. Pointi sita na nusu zaidi. Kwa uwanja mkubwa, hizo ni namba zinazobadili uamuzi wa kujenga jukwaa baharini au kutolijenga. Huko Clair Ridge, magharibi ya Shetland, BP walijenga mitambo ya kuondoa chumvi kama sehemu ya jukwaa tangu michoro ya awali. Uzalishaji ulianza Novemba 2018, na matarajio yaliyotangazwa yalikuwa mapipa ya ziada hadi milioni 40 katika maisha ya uwanja.

Mei: mipaka miwili

Hii ndiyo sehemu niliyoingoja. Toleo la kwanza lilidhani mwamba hubadilika papo hapo mbele ya maji. Kwa kweli maji mapya lazima yayasukume maji ya kale yaliyokuwemo, na mwamba hubadilika pale tu maji mapya yanapofika. Kwa hiyo kuna mipaka miwili inayosafiri kwa kasi tofauti: wa mbele ni wa maji ya kale yaliyokusanywa na kusukumwa, wa nyuma ni wa maji yetu ya chumvi kidogo. Kati yao mafuta yaliyoachiliwa hujikusanya.

Nimeandika hesabu upya na kuiendesha kwa vigezo vilevile. Maji ya kwanza sasa hufika mapema zaidi, baada ya kudunga 0.32 ya ujazo wa vinyweleo. Ni maji ya kale matupu, hayana hata tone letu. Kisha hutokea jambo ambalo halimo kabisa kwenye mkondo wa maji ya chumvi: kwa muda mrefu kiasi cha maji katika vinavyotoka hutulia kwenye asilimia 71, hakipandi. Hudumu hivyo hadi 0.60 ya ujazo, ndipo maji ya chumvi kidogo hufika na kiasi cha maji kuruka hadi karibu asilimia 91. Wakati huo asilimia 50 ya mafuta imeshatoka. Baada ya ujazo mmoja, jumla ni ileile 53.2.

Ukilinganisha na maji ya chumvi kwenye 0.60 hiyohiyo, kule maji ni asilimia 92 tayari, na yalianza kwa kuruka moja kwa moja hadi 80.

Nimefurahi sana na matokeo haya, na nataka kueleza kwa nini. Mhandisi anayesimamia kisima akiona maji yamefika mapema, tena ya chumvi kali, anaweza kudhani mradi umeshindwa. Hesabu inasema asubiri. Maji hayo ni ya zamani yakitangulia, na nyuma yake kuna mafuta yanayotembea kwa kiwango kisichoshuka. Kupima chumvi ya maji yanayotoka, si wingi wake tu, ndiko kunakoonyesha uko wapi katika safari hiyo. Nimeongeza mkondo wa chumvi kwenye mchoro mkuu wa programu kwa sababu hii, karibu na mkondo wa mafuta, ili macho yasiweze kuutenganisha.

Juni: ukianza ukiwa umechelewa

Mwenzangu anayekagua hesabu ameuliza swali ambalo kila mwenye uwanja wa zamani atauliza: vipi kama nimeshadunga maji ya chumvi kwa miaka mingi?

Nimechukua hali ya mwisho kabisa, ambapo maji ya chumvi yameshatoa kila kilichoweza kutoka na asilimia 30 ya vinyweleo imebaki na mafuta yaliyoganda. Kisha nikadunga chumvi kidogo. Kwa muda wa 0.70 ya ujazo wa vinyweleo hakuna hata tone la mafuta, ni maji tu. Mafuta yakianza kutoka, ni asilimia 0.1 ya vinavyotoka. Kinadharia mafuta yanayoweza kusogea yameongezeka kwa pointi 7.5 za yale yaliyokuwemo mwanzoni, lakini kwa kasi hiyo hakuna atakayeyangoja.

Nimebadili kigezo kimoja: kipeo cha mkondo wa mafuta kwa chumvi kidogo kutoka 3 hadi 2, yaani mafuta machache yaliyobaki yasogee kwa urahisi zaidi. Sehemu ya mafuta hupanda kutoka asilimia 0.1 hadi 1.3. Mafuta yanayobaki mwishoni ni yaleyale, lakini mkia wa mkondo umebadilika, na uchumi wote umebadilika nao. Watu hubishana sana kuhusu namba ya mwisho ya mafuta yanayobaki. Mimi sasa nashawishika kwamba umbo la mkia ndilo linalostahili fedha za maabara.

Uwanjani hali ya kuchelewa haikosi matumaini. Kwenye jaribio la Endicott huko Alaska, BP walidunga maji ya chumvi kidogo kati ya visima viwili vilivyo umbali wa takriban mita 317, mahali palipokwisha kusafishwa na maji ya kawaida. Maji hayo yalipofika baada ya karibu miezi mitatu, kiasi cha maji katika vinavyotoka kilishuka kutoka asilimia 95 hadi 92. Inaonekana ni kidogo hadi ugeuze hesabu: mafuta yamepanda kutoka 5 hadi 8 katika kila 100. Mikondo yangu ya mfano haifiki hapo, na hilo linaniambia mwamba wa Endicott ulibadilika zaidi ya nilivyothubutu kudhani.

Upande wa pili kuna uwanja wa Snorre, Norwe. Kampuni ya Statoil ilijaribu kisimani kwa kutumia kemikali za kufuatilia na haikuona mabadiliko ya maana. Mwamba wake ulikuwa tayari karibu na hali nzuri ya kulowana. Hili ni jaribio la thamani sawa na Endicott. Yeyote anayenunua mitambo kabla ya kupima vipande vya mwamba wake, kwa mafuta yake na maji yake ya kale, anacheza kamari na fedha ambazo angeweza kuziokoa.

Juni, mwishoni: kikomo cha chini

Nimeongeza onyo ndani ya programu. Chumvi ikishushwa mno, aina fulani za mfinyanzi, hasa smektaiti, huvimba, na kaolinaiti hubanduka na kuziba njia. Upenyezaji ukiporomoka, kisima cha kudungia hakipokei maji tena na mradi mzima husimama. Kwa hiyo miradi mingi hulenga maji ya gramu 1 hadi 5 kwa lita, yenye kalsiamu kiasi cha kuutuliza mfinyanzi. Ndiyo maana mitambo ya baharini huchanganya maji ya osmosisi ya kinyume (yaliyosukumwa kupitia utando unaozuia chumvi), ambayo karibu hayana chumvi kabisa, na mengine yaliyopita kwenye chujio linaloondoa salfeti lakini kubakiza sehemu ya chumvi.

Kuondoa salfeti kuna faida zake kando ya mafuta ya ziada. Salfeti ya maji ya bahari ikikutana na bariamu ya maji ya kale hutengeneza ukoko mgumu unaoziba mabomba, na bakteria wakiila hutoa gesi ya salfidi hidrojeni, yenye sumu na inayokula chuma. Mwanauchumi anayehesabu mapipa ya ziada tu anaiacha faida hii nje.

Bado sijaweka polima, yaani molekuli ndefu zinazoyafanya maji kuwa mazito. Maji ya chumvi kidogo huifanya polima ifungue minyororo yake na kuongeza mnato kwa kiasi kidogo cha dawa, kwa hiyo njia hizi mbili zinaelekea kusaidiana. Inahitaji mpaka wa tatu kwenye hesabu.

Julai: kinachofuata

Toleo linalosambazwa sasa lina dirisha la tabaka la ioni, mkondo wa mipaka miwili, na hali ya kuanza kwa kuchelewa. Linalokosekana ni kuchanganyika kwa maji pembezoni mwa mpaka. Kwenye mwamba halisi mpaka si mkali. Chumvi ya kale husambaa ndani ya maji mapya, na ukidunga kiasi kidogo cha chumvi kidogo kisha ukarudi kwenye maji ya bahari, kiasi hicho huweza kumezwa kabla hakijafika popote. Naanza na mlinganyo wa kusambaa kwa mkondo mmoja, nikiuliza ni sehemu gani ya ujazo wa vinyweleo inatosha kudungwa ili katikati yake ibaki chini ya gramu 5 kwa lita hadi kisima cha pili. Mwenzangu tayari ameomba nakala ya mikondo ya Aprili ili aanze kuikagua kabla sijaweka kigezo kipya.